Kidole Nilichokinyoosha

Nimewahi kukaa kwenye kiti cha plastiki nikatazama mkono wangu mwenyewe ukimulikwa ukutani kama ushahidi wa mahakamani, mbele ya watu, nikaukana, nikasema si wangu.

Sisemi mkono huu wa nyama. Huu ulikuwa umejibanza katikati ya mapaja, unatoka jasho.

Nasema mkono wa kazi. Namna yangu ya kuvuta mstari, ambayo mtu akikaa na mimi mwezi mmoja anaijua hata nisipoweka sahihi.

Nikaambiwa nijibu. Nikajibu, "Mimi sijagusa."

Maneno mawili tu. Aliyeyabeba alikuwa mtoto wa kike wa miaka kumi na mitatu.

Mnisamehe uandishi wangu. Shule nimeisoma kwa kudokoa, darasa hapa, miezi mitatu kule, na kingine chote nimekisoma kwenye magazeti ya kufungia vitu dukani. Lakini hili nitaliandika mpaka mwisho, maana nimechoka kulala nalo.

Kazi yangu tangu ujana ni rangi. Vibao vya maduka, ubavu wa malori, kuta za vinyozi zenye vichwa visivyofanana na kichwa cha binadamu yeyote. Nimehama miji mingi kuliko mbwa asiye na mwenyewe. Mji ukinichosha nafunga brashi zangu kwenye gazeti, nakula kona. Mke alinichoka mapema, na simlaumu. Mtu ataolewaje na upepo?

Halafu vikaja vibao vya kuchapa. Mwenye duka anaingia asubuhi, anatoka mchana na bango linalong'aa, na jina lake halijakosewa. Brashi ikawa kama jembe mjini.

Nikaenda kuomba kazi kwenye duka la kuchapa mabango. Nikapewa ufagio.

Nilifagia nikichungulia. Vijana wanakaa kwenye kompyuta, mimi nafagia sehemu moja dakika ishirini. Siku moja mmoja akageuka akasema, "Mzee, hapo pameshakuwa kioo. Kaa basi nikuonyeshe, usije ukatoboa sakafu."

Ndivyo nilivyojifunza, nikiwa na mvi. Baada ya miaka mitatu nilikuwa natengeneza mabango, kadi, fulana, kila kitu.

Siku moja akaja mama mmoja, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, kuchapisha fomu. Nembo ya shule yake ilikuwa na simba anayefanana na mbuzi mgonjwa. Nikamwambia anipe nusu saa. Nikamchorea simba mwenye afya.

Akacheka, kisha akanitazama.

"Fundi, unaweza kuwafundisha watoto hiki?"

"Mama, mimi cheti sina. Hata cha kuzaliwa nina wasiwasi nacho."

"Sijakuuliza cheti. Nina chumba cha kompyuta, mwalimu wake amehama, watoto wanacheza michezo tu mle ndani."

Nikakubali. Akanipa chumba cha kulala nyuma ya stoo ya viti, na ufunguo wake. Akauweka mkononi mwangu akaongeza neno moja:

"Nikikuweka hapa bila cheti, jina langu ndilo liko juu. Ukinichafulia, unaondoka siku hiyo hiyo."

Nilikuwa na miaka sitini na mmoja. Ule ulikuwa ufunguo wangu wa kwanza maishani wa mlango ambao hakuna mtu angenigongea aniambie muda umekwisha.

Shikeni hapo. Nisiposema hivyo hamtanielewa, na hata nikisema sina haki ya kueleweka.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine kumi na nne. Tatu zimekufa, moja inazima ukikohoa. Watoto thelathini na wanane, darasa la saba na la nane, umri ule ambao sauti zinavunjika na kila mtu anacheka asichokijua.

Waliniita Babu Rangi. Sikukataa.

Siku ya kwanza ya kufundisha leya, kompyuta sikuiwasha. Nilichukua karatasi tatu za nailoni, zile zinazoonyesha upande wa pili. Ya kwanza nikachora nyumba, ya pili mti, ya tatu mtu. Nikazipanga moja juu ya nyingine, nikaziweka kwenye kioo cha dirisha. Ikawa picha moja.

"Hizi ndizo leya. Picha ya kompyuta ni nailoni zilizopandana. Ukiitoa hii, mtu ameondoka, nyumba imebaki."

Kulikuwa na mvulana mmoja tunamwita Spika kwa sababu ya sauti yake. Akasema, "Babu, hiyo inafanya kazi nyumbani pia? Kuna kaka yangu nataka kumtoa."

"Kaka yako anasema amekuwahi. Wewe ni leya ya juu, unatoka kwanza."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Ndivyo tulivyokuwa tunasoma.

Sheria zangu zilikuwa mbili, na niliwaimbisha kama jedwali la kuzidisha. Kila leya ipe jina. Na usifute kazi ya chini. Ukitaka kubadili kitu, funika kwa leya mpya juu, ili ukijuta uwe na pa kurudi.

Sasa nimwingize mwenyewe.

Walimwita Sisimizi kwa sababu alikuwa mdogo na begi lake kubwa kuliko yeye. Hakusema sana. Ukipita nyuma yake anaacha kuchora mpaka upite. Mama yake ni fundi cherehani, anashona nyumbani, baba sikuwahi kumsikia akitajwa.

Mtoto yule alikuwa na jicho. Nimekaa na mafundi wa kila aina, wengine majina yao yako kwenye malori ya nchi nzima, sijaona jicho kama lile. Wengine wanachora kikombe wanachokijua kichwani. Yeye alichora kikombe kilichoko mezani, na ufa wake, na alama ya chai ndani.

Likaja shindano. Watoto wa shule zote, picha ya kompyuta, mada ni mikono inayofanya kazi. Kwanza unatuma rasimu ndogo. Ukichaguliwa, unatuma faili kamili lenye leya zote, halafu unaitwa mbele ya majaji. Mshindi mmoja anapata nafasi kwenye shule ya sanaa, miaka minne, kula na kulala juu yao.

Nafasi moja. Kwa wengine lilikuwa shindano. Kwa Sisimizi lilikuwa mlango, na hakukuwa na mwingine. Mwalimu mkuu aliniambia wazi, "Mama yake akimaliza kulipa ada ya hapa anashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Huko mbele hawezi."

Tukaanza kubaki jioni, mimi na yeye na wengine watatu. Alichora mkono wa mwanamke unaosukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani. Miezi miwili. Uzi aliuchora unyuzi kwa unyuzi. Kitambaa ukikitazama unataka kukikunja.

Rasimu ikapita. Katika picha mia tatu, ilichaguliwa kati ya sita za mwisho. Shule nzima ikajua, na mimi nikaanza kutembea kifua mbele kama jogoo wa nyumba ya jirani.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichonikera. Kidole cha shahada.

Kilikuwa kimepinda. Pingili ya juu imelala upande, kama tawi lililovunjika likaungwa na mtu mwenye haraka, na ukucha umepasuka katikati. Mkono mzima umekaa, kidole kile kimoja kimeharibu.

Nikamwambia, "Binti, hapa pamekushinda."

"Hapana, Babu. Ndivyo kilivyo."

"Ndivyo kilivyo wapi?"

Akainama. "Ndivyo kilivyo tu."

Nikatabasamu. Kila mwanafunzi akishindwa mahali husema ndivyo kilivyo. Na mimi nilisema hivyo kwa bwana wangu, fundi aliyenifundisha vibao, nikapigwa na mpini wa brashi.

Kwenye ufundi wetu wa vibao kuna desturi. Kazi ya mwanafunzi haitoki karakana kabla fundi hajaitia mkono wa mwisho. Tunaita kufunga kazi. Unaweza kukaa na kibao wiki nzima, siku ya kukikabidhi fundi anakuja na brashi yake, anagusa hapa, ananyoosha pale, ndipo kinatoka. Bwana wangu alinifungia kazi miaka sita. Niliona ni baraka.

Jumanne mchana watoto walikwenda uwanjani. Nikabaki peke yangu na faili la Sisimizi limefunguka. Mwisho wa kutuma ulikuwa Alhamisi saa sita.

Nikachukua kalamu ya kompyuta. Nikaongeza leya. Nikachora kidole kilichonyooka, chembamba, ukucha safi. Kilitoka vizuri, sitasema uongo, mkono wangu haujafa.

Lakini kile cha chini kilikuwa kinachungulia pembeni.

Mtu wa brashi, kabla ya kupaka bati, anakwangua rangi ya zamani. Hata hafikirii, mkono unakwenda wenyewe. Nikashuka kwenye leya ya mtoto nikakikwangua kidole chake chote. Nikahifadhi. Nikazima mashine nikipiga mluzi.

Mimi mwenye sheria mbili. Nilizivunja zote kwa dakika arobaini: nilifuta chini, na leya yangu sikuipa jina.

Jumatano akaja, akafungua. Mimi nilikuwa meza ya mbele natengeneza kibodi. Nikaona amekaa bila kugusa kitu, muda mrefu.

"Babu, umeifungua?"

"Nimekunyooshea kidogo tu. Umeona ilivyokaa sasa?"

"Nimeona." Akashika kipanya. "Ahsante, Babu."

Alhamisi asubuhi alituma mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe. Nikampigia makofi.

Wiki mbili baadaye tukaitwa. Ukumbi mdogo, mapazia mazito, projekta inanguruma. Majaji watatu, katikati mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Upande wetu mwalimu mkuu, Sisimizi na mimi.

Jaji mwenye miwani akaanza kwa upole. "Binti, kazi ni nzuri sana. Nimependa umezipa leya majina. Cherehani. Kitambaa. Uzi. Taa. Mama." Akasogeza kipanya. "Hii moja ndiyo haina jina. Mashine imeiita leya ya kumi na tisa. Ni ya nini?"



Jaji akaizima ile leya. Ukutani kidole kikatoweka, mkono ukabaki na shimo.

"Na chini pamekwanguliwa," akasema. Kisha akainua karatasi, rasimu yetu ya kwanza, na kidole kilichopinda. "Tulipokea picha mia tatu za mikono. Karibu yote imenyooka kama mikono ya matangazo ya sabuni. Huu umepinda. Tulikaa nao mezani nusu siku, tukibishana nani huyu na amepatwa na nini. Ndiyo sababu upo hapa."

Nilihisi kiti kinazama.

"Sasa kimekuja kingine, na mstari wake hauna undugu na mistari mingine yote humu. Huu ni mkono wa mtu mzoefu. Mtu wa vibao, ningesema."

Akavua miwani.

"Sikilizeni, hatuna ugomvi. Haya hutokea, watu wazima wana kiherehere. Kama kuna aliyegusa, aseme sasa hivi. Tutaiweka hii pembeni, tutahesabu rasimu, na binti ataendelea. Ninachotaka ni ukweli tu."

Mwalimu mkuu akanigeukia. "Fundi?"

Ufunguo ulikuwa mfuko wa kulia. Niliuhisi unanichoma paja. Nikaona kitanda changu, birika langu, pazia nililolishona mwenyewe. Nikasikia lile neno: siku hiyo hiyo.

Nikasema lile nililokwisha kuwaambia.

"Mimi sijagusa."

Sisimizi akanitazama. Hakunikodolea macho, hakushangaa. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kisha akawageukia majaji.

"Nimechora mwenyewe."

"Hiki kilichonyooka?"

"Ndiyo."

"Basi kaa hapa, utuchoree kingine kama hiki. Hatukupi haraka."

Akakaa. Akashika kalamu. Tukatazama mstari ukitembea ukutani. Ulipanda vizuri kutoka kwenye kifundo, ukafika pingili ya juu, ukalala upande.

Akafuta. Akaanza tena. Palepale, ukalala upande.

Mara ya tatu aliminya midomo, akavuta polepole kama anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Mkono ulikuwa unabishana naye. Kikapinda.

Akaweka kalamu mezani, taratibu.

"Siwezi."

Jaji akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo iliyoniua, "Aliyesaidiwa tungemvumilia. Aliyedanganya, hapana. Pole, binti."

Tulirudi kwa gari la shule. Mwalimu mkuu amekaa mbele, shingo imekakamaa. Mimi na mtoto nyuma, begi katikati yetu.

Nikaanza, "Binti, mimi..."

"Usijali, Babu," akasema, akageukia dirisha.

Kuna matusi nimetukanwa katika miji kumi na mbili. Hakuna lililoingia kama hilo.

Shuleni habari ilitangulia kabla hatujashuka. Spika, mtoto wa watu, hana ubaya ila mdomo, akamzulia jina jipya. Akipita anasema, "Pisheni, Bandia anapita." Wenzake wanacheka. Nilimkemea, akaniuliza, "Kwani uongo, Babu? Si wewe mwenyewe ulisema hukumgusia?"



Jioni Sisimizi akaacha kubaki. Darasani anafungua programu, anaweka ukurasa mweupe, anakaa nao mpaka kengele. Wiki ya kwanza, ya pili. Wiki ya sita nikaletewa karatasi: mzazi anaomba mwanawe atolewe somo la uchoraji, awekwe ushonaji. Chini kuna sahihi.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwao.

Chumba kimoja. Cherehani imewekwa mlangoni kufuata mwanga, sare za shule zimening'inia kwenye kamba kama darasa lisilo na vichwa. Mama yake alikuwa anashona.

"Karibu, Mwalimu. Karibu ndani, toa hizo nguo hapo ukae."

Nikazitoa. Nikakaa. Yeye akaendelea kusukuma kitambaa, maana kazi ya watu haingoji mgeni.

Ndipo nikauona mkono.

Kidole cha shahada. Pingili ya juu imelala upande. Ukucha umepasuka katikati.

Niliuona kama mtu anayekutana na sura ya kwenye picha, akagundua picha ilikuwa inasema kweli.

Akafuata macho yangu. "Unakitazama hiki? Sindano iliingia ikatokea upande wa pili, ikapita mfupa. Nilikuwa peke yangu na huyu mwanangu, ana miaka minne. Mimi siwezi kufikia gurudumu. Ndiye aliyelizungusha, polepole, huku analia, mpaka ikatoka. Hospitali waliunga wakatuambia kimepona." Akakikunja kidogo, kikagoma. "Kimepona hivyo."

Hapo nikavunjika. Nikasema yote. Kwamba ni mimi niliyekinyoosha, ni mimi niliyekwangua, niliulizwa nikakana, mtoto akabeba. Nilisema haraka kama anayetapika.

Cherehani ikasimama.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, mama?"

"Najua ni wewe. Jumatano ile alikuja analia. Akaniambia, Babu amekinyoosha kidole chako, na cha kwangu amekifuta. Akasema kesho ataamkia shuleni mapema akichore upya, anakijua kwa moyo, muda upo."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mimi nikamwambia acha."

Nikainua macho kutoka kwenye kile kidole.

"Nikamwambia, mzee yule ameshika brashi kabla mimi sijazaliwa, ameona usichokiona. Nikamwambia, mtu amekaa na wewe jioni zote hizo bila kuombwa, leo unamfutia kazi yake? Utamwaibisha. Na nikamwambia..." Hapo akashusha kitambaa mapajani. "Nikamwambia, hata wakikuuliza, usimtaje mzee wa watu. Na kusema kweli, Mwalimu, nilifurahi. Nilikiona kidole changu kimenyooka, hata kama ni kwenye maneno tu, nikafurahi."

Akarudisha kitambaa chini ya sindano.

"Kwa hiyo usije hapa ukalia kama mkosaji peke yako. Tulikuwa wawili, na mtoto mmoja."

Mlango ukasukumwa. Sisimizi akaingia na kifuko cha vifungo. Aliponiona akasimama, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Babu."

Badala ya kuitika marahaba, nikamuuliza, "Kwa nini hukusema, binti? Pale mbele ya majaji. Nafasi ilikuwepo."

Alifikiri. Ni mtoto anayefikiri kabla ya kujibu.

"Ulikuwa umeshasema hujagusa. Mimi ningesemaje tena?"

Akaketi chini, akaanza kupanga vifungo kwa rangi.

Jumatatu kabla ya kengele nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilianza kwa kuweka ufunguo mezani, halafu nikasimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja.

"Kwa nini ulikana?"

"Ulisema nikikuchafulia naondoka."

Akafumba macho. "Mzee wangu. Nilimaanisha wizi. Nilimaanisha kushika watoto vibaya, ulevi. Kidole? Ungesema siku ile, ningesimama nikawaambia majaji huyu ni fundi wangu, ana kiherehere, tusameheni. Tungecheka njia nzima tukirudi."

Alichukua ufunguo, akautia kwenye droo.

"Sasa ndiyo unaondoka."

Barua ilikwenda kwa majaji siku hiyo hiyo. Jibu likaja, la heshima sana. Wamefurahi kujua ukweli, jina la binti limesafishwa, nafasi ilishachukuliwa na mtoto mwingine na ameshaanza masomo. Wanamtakia kila la heri.

Niliomba jambo moja, niseme mwenyewe paredi ya asubuhi. Nikaruhusiwa. Nilisimama mbele ya watoto mia nne, nikawaambia Babu Rangi ndiye mwongo, Sisimizi hakuwahi kuwa bandia. Hakuna aliyecheka. Spika alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilimtafuta Sisimizi kwenye mistari, nikamkosa. Nikaambiwa ameomba ruhusa, mama yake ana oda kubwa, anamsaidia kukunja pindo.

Aliyestahili kusikia hakuwepo. Nilifunga brashi zangu, nikaondoka.

Niko mji mwingine sasa, sitautaja, nafagia duka la kuchapa mabango. Nimeambiwa amemaliza darasa la nane, anashona vizuri, wateja wanampenda kwa kuwa hakosei kipimo. Kama bado anachora sijui. Aliyeniletea habari alikuwa mbele yangu, ningeweza kumuuliza. Niliogopa jibu.

Ndugu zangu mnaofundisha, na nyinyi mnaolea, nina neno moja, kisha mnitukane mtakavyo.

Tunawafundisha watoto kutuamkia, kutupisha kiti, kutobishana na mvi. Sawa. Lakini mtoto asiyeweza kukwambia "hapa umeharibu" hajakuheshimu. Anakuogopa kwa adabu. Na wewe utazeeka ukiamini kwamba kila ulichokigusa kilipendeza.